Kipima Mwanga na Rangi Ambazo Jicho Halizioni

Chukua vipima mwanga viwili vya mkononi, vile vya kumwambia mpiga picha aingize mwanga kiasi gani kwenye kamera, kimoja cha zamani chenye mshale na kingine cha betri chenye tarakimu, uvielekeze kwenye ukuta wa chokaa karibu na Mnara wa Saa, Arusha, saa sita mchana. Vikiwa vizima vyote viwili, vitakubaliana au vitapishana kidogo sana. Sasa vielekeze kwenye shuka jekundu la Kimasai, au kwenye jani la mgomba huko Kibosho. Hapo vinaweza kuachana nusu stopu au zaidi (stopu moja ni mwanga maradufu au nusu yake), na mwenye navyo ataanza kujiuliza kipi kimeharibika. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kila kimoja kinahesabu rangi kwa namna yake, na wewe hukuambiwa.

Vijana wanaonunua vipima mwanga vya mtumba Arusha na Moshi, hasa hawa waliorudi kwenye filamu, huuliza swali moja: "Kiko sahihi?" Wanauliza kana kwamba usahihi wa chombo hiki ni kitu kimoja. Kuna kiwango alichokichagua mtengenezaji. Kuna uwezo wa chombo kupanda na kushuka sawasawa kutoka kivulini hadi kwenye jua kali. Halafu kuna jinsi chombo kinavyopokea kila rangi. Mambo mawili ya kwanza hupatikana kwenye kijitabu kinachokuja na chombo. La tatu mara nyingi halimo, nalo ndilo linaloamua kama uso wa bibi yako utatoka ulivyo au utatoka giza.

Tuanze na kiwango, maana bila hicho mengine hayatashikika. Kipima mwanga hakijui unapiga picha ya nini. Kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hudhani kwamba kitu hicho kina mng'ao wa kati, si cheupe wala si cheusi, kisha hukupa kasi ya shata na tundu la lenzi la kukifanya kitoke hivyo. Ule mng'ao wa kati uko wapi hasa? Kiwango cha kimataifa cha ISO 2720 cha mwaka 1974 kinamwachia mtengenezaji nafasi ya kuamua kwa namba inayoitwa K, na kinapendekeza iwe kati ya 10.6 na 13.4. Umbali kati ya ncha hizo mbili ni theluthi moja ya stopu. Sekonic, Canon na Nikon wametumia 12.5. Minolta na Pentax wametumia 14, nje kidogo ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kipima cha Pentax na cha Sekonic, vyote vipya kutoka kiwandani, vinaachana takriban moja ya sita ya stopu, na cha Pentax ndicho kitakachoomba mwanga mwingi zaidi.

Vipima vinavyopima mwanga unaoangukia kitu, vile vyenye kuba jeupe la plastiki, vina namba yao nyingine iitwayo C. Kwa kuba, kiwango kinaruhusu kati ya 320 na 540. Kwa kisahani bapa ni kati ya 240 na 400. Hapa ndipo kadi ya kijivu ya asilimia 18, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, inapowachanganya watu. Hiyo asilimia 18 haimo kwenye hesabu ya K wala ya C. Ukipima kadi hiyo kwa chombo chenye K ya 12.5, kisha ukapima mwanga uleule kwa kuba lenye C ya 340, kipimo cha kadi kitaomba mwanga pungufu kwa zaidi ya nusu stopu. Watu wamewahi kupeleka vipima vizima kwa fundi kwa sababu ya tofauti hii. Hesabu yenyewe ndiyo inayotaka iwe hivyo.

Kupanda na kushuka sawasawa ni jambo la kupima, halina maneno mengi. Kama chombo kinakosea theluthi moja ya stopu kila mahali, badilisha ISO yake, yaani namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga uliyokiwekea, na umemaliza. Kama kinakosea theluthi kwenye jua na stopu nzima chumbani, ISO haitakusaidia. Sababu ya kawaida kwa vipima vya miaka ya 1960 na 1970 ni betri. Vingi vilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo volti yake haibadiliki mpaka siku inapokufa. Betri hizo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu ya zebaki, na watu wakaweka za alkali za volti 1.5 ambazo huanza juu na kushuka polepole kadiri zinavyotumika. Kosa linabadilika wiki hadi wiki. Betri za zinki na hewa, zile ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, zina takriban volti 1.4 na zinakaribia zaidi za zamani, ingawa hazidumu muda mrefu zikishafunguliwa.

Sasa rangi. Jicho la binadamu halipokei rangi zote kwa usawa. Mwaka 1924 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilipitisha mchoro unaoonyesha jinsi jicho la kawaida linavyoitikia mwanga wa mchana: kilele kiko kwenye kijani kinachoelekea njano, nanomita 555 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina wake), kisha uwezo unashuka pande zote mbili, kuelekea bluu na kuelekea nyekundu, na karibu na nanomita 700 jicho halioni kitu tena. Filamu ya nyeusi na nyeupe ina mchoro wake. Kamera ya dijitali ina wake. Na chembe iliyo ndani ya kipima mwanga, ile inayogeuza mwanga kuwa umeme, ina mchoro wa nne. Ukuta mweupe unarudisha rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana, ndiyo maana michoro yote minne hukubaliana pale Mnara wa Saa. Kitu chenye rangi kali ndicho kinachoitenganisha.

Chembe za kwanza kuenea zilikuwa za seleniamu. Kampuni ya Weston ya Marekani ilitoa kipima mwanga chake cha kwanza cha wapiga picha mwaka 1932, na seleniamu ikashika soko kwa miongo kadhaa. Haihitaji betri, mwanga wenyewe ndio unaoisukuma. Na katika suala la rangi ina heshima kubwa kuliko watu wanavyoipa: mchoro wake uko karibu na wa jicho, na ukifika kwenye nyekundu ya mwisho unashuka wenyewe bila kulazimishwa na kioo. Udhaifu wake ni gizani, ambako mshale haunyanyuki, na unyevu, ambao huila chembe pole pole mpaka ikafa. Ukikuta Weston ya babu imekaa kabatini miaka yote, ikague kwa uangalifu kabla ya kuiamini. Ikiwa bado ina nguvu, kwa rangi inaweza kukuambia ukweli kuliko kilicho kipya zaidi yake.

Miaka ya 1960 ikaleta salfaidi ya kadimiamu. Chembe hii inahitaji betri na inaona vizuri mahali penye mwanga hafifu, na kipima cha Gossen Lunasix kilijipatia jina kwa uwezo huo. Ina tabia mbili. Kwanza inakumbuka: ukiielekeza kwenye jua kali kisha ukaingia ndani, inachukua muda kutulia na wakati huo inakudanganya. Pili, katika vipima vingi, inaegemea upande wa nyekundu. Shuka la Kimasai, udongo mwekundu wa njia za Monduli, matofali ya kuchoma, vyote inaviona ving'avu kuliko jicho linavyoviona, kwa hiyo inakuambia upunguze mwanga. Vikitoka giza, mpiga picha anadhani filamu imeharibika au aliyeisafisha amekosea.

Vipima vya leo karibu vyote vinatumia silikoni. Silikoni ina kasi na inapanda kwa usawa kutoka gizani hadi juani, hakuna chembe iliyotangulia inayoifikia. Lakini mchoro wake wa asili uko mbali sana na wa jicho. Inaona hadi karibu nanomita 1,100, na kilele chake kiko kati ya 850 na 950, katika eneo la infraredi ambalo sisi hatuoni kitu. Kwa hiyo kila mtengenezaji huweka mbele yake kioo cha bluu na kijani cha kuzuia infraredi. Ubora wa kipima cha silikoni katika rangi ni ubora wa kioo hicho. Kikipitisha kidogo tu, chombo kinapima mwanga ambao wewe huuoni na filamu yako haiupokei.

Hili lina uzito wa pekee kwa watu wanaopiga picha Moshi. Jani bichi linarudisha takriban asilimia 10 ya mwanga unaoonekana, lakini katika infraredi linarudisha karibu nusu. Kihamba cha Marangu, migomba juu na kahawa chini, kwa chombo kinachovuja infraredi kinawaka kama ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Nguo nyeusi za nyuzi za viwandani, zikiwemo suti nyingi za harusi, nazo hurudisha infraredi kwa wingi ingawa kwa macho ni nyeusi kabisa.

Na ngozi. Rangi ya ngozi inatokana zaidi na melanini, na melanini hunyonya sana mwanga unaoonekana, hasa upande wa bluu. Kadiri unavyoelekea kwenye infraredi, unyonyaji huo unapungua, hata ngozi nyeusi na ngozi nyeupe zinaanza kufanana. Tufanye hesabu kwa namba za mfano. Tuseme kipima kinapata asilimia 10 ya nguvu yake kutoka infraredi. Uso mweusi unaorudisha asilimia 8 ya mwanga unaoonekana na 45 ya infraredi utasomwa kana kwamba unarudisha 11.7. Hilo ni kosa la zaidi ya nusu stopu, na linaelekea kwenye giza. Uso mweupe unaorudisha 36 ya mwanga unaoonekana na 56 ya infraredi utasomwa kama 38, yaani kosa lisilofika hata moja ya kumi ya stopu. Ni chombo kilekile na mwanga uleule. Aliyekijaribu kiwandani mbele ya watu weupe angeandika kwa dhati kwamba hakina tatizo.

Ndiyo maana nasema suala hili ni letu. Mpiga picha wa Arusha anayepima nyuso kwa kipima cha doa, kile cha kuchungulia na kupima duara dogo tu la kitu, anabeba kosa ambalo mwenzake wa London hakulazimika kulijua. Tena kosa hili linakuja kinyume na lile tulilozoea. Tunafundishwa, na ni kweli, kwamba kipima cha mwanga unaorudi huifanya ngozi nyeusi iwe ya kijivu cha kati, kwa hiyo tunapunguza stopu moja au zaidi ili ibaki nyeusi ilivyo. Mtu anayefuata somo hilo kwa kipima kinachovuja infraredi anapunguza mara mbili: chombo kimeshapunguza kimyakimya, naye anaongeza upungufu wake juu. Macho yanazama na mikunjo ya uso inapotea, na hakuna programu itakayorudisha kilichokosekana kwenye filamu.

Waliojali waliliona hili mapema. Fred Picker wa kampuni ya Zone VI, huko Marekani, alikuwa akiuza vipima vya doa vya Pentax vilivyofanyiwa marekebisho, vikiwekewa vichujio vya ndani ili viitikie rangi kama filamu ya nyeusi na nyeupe inavyoitikia, na kuzuiliwa mwanga unaotapakaa ndani ya lenzi. Huo mwanga unaotapakaa nao ni wa kuuangalia: ukipima uso ulio kwenye baraza lenye giza huku nyuma kuna anga jeupe la mchana, sehemu ya anga huingia kwenye kipimo hata kama duara dogo limekaa sawasawa juu ya shavu.

Njia fupi ya kukwepa sehemu kubwa ya matatizo haya ni kuacha kupima kitu na kupima mwanga unaokiangukia. Hapo shuka likiwa jekundu au bluu, uso ukiwa wa rangi yoyote, chombo hakihusiki. Rangi inayobaki kuleta shida ni ya taa yenyewe. Don Norwood ndiye aliyebuni kipima chenye kuba, Norwood Director, na Sekonic L-398 yenye mshale ni ya ukoo huohuo. Kuba lina faida kwa watu wa latitudo yetu. Arusha na Moshi ziko kama digrii 3 na nusu kusini mwa ikweta, na karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Kisahani bapa kikielekezwa kwa kamera wakati huo hakipati jua hata kidogo. Kuba linapata nusu, na nusu hiyo ndiyo inayokupa kipimo kinachofaa kwa uso wenye kipaji kinachowaka na macho yaliyo kivulini. Angalia tu plastiki yake isiwe imegeuka njano kwa uzee, maana hapo tayari ni kichujio, na kinakula bluu.

Wapenda mlima wana mtego wao mwingine. Anayetaka Kibo itoke nyeupe juu ya anga jeusi huweka kichujio chekundu, kile cha namba 25, ambacho kwa kawaida huhitaji stopu 3 za ziada kwenye mwanga wa jua. Baadhi hushika kichujio mbele ya kipima na kusoma kupitia humo, wakidhani hiyo ndiyo njia ya uhakika. Chembe inayoegemea nyekundu, au inayovuja infraredi, itaona kichujio kama kioo kinachopitisha karibu kila kitu na kukuambia stopu 2 zinatosha. Hazitoshi. Pima bila kichujio, kisha ongeza kwa namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa filamu. Na filamu ya oto, isiyoona nyekundu kabisa, haina kazi na kichujio hicho. Filamu ya Ilford Ortho Plus inaonyesha vizuri jinsi rangi ya taa inavyobadilisha kila kitu: imeandikwa ISO 80 kwa mwanga wa mchana na 40 kwa balbu za waya, kwa sababu balbu hizo zina nyekundu nyingi ambayo filamu hiyo haiipokei. Kipima mwanga hakijui hilo, ni lazima ukiambie.

Kupanda juu kunaongeza urujuanimno, ule mwanga usioonekana uliopita zambarau, kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Filamu huipokea kwa sehemu, kipima cha kawaida hakiihesabu. Lenzi za kisasa huchuja nyingi, kwa hiyo siweki uzito mkubwa hapo. Barafu ni tatizo kubwa zaidi kuliko urujuanimno, na dawa yake ni ya kawaida: kuba, au kuongeza stopu moja na nusu hadi 2 juu ya kipimo cha barafu.

Kumbi za harusi ni habari nyingine, na humo hata kuba halikuokoi. Taa ya LED nyeupe ina mwiba mkali wa bluu karibu na nanomita 450 na kilima kipana cha njano, na katikati kuna bonde. Taa za mapambo za bluu na zambarau ni mbaya zaidi, kwa sababu karibu nguvu yake yote iko mahali ambapo jicho na kipima vinaona kidogo ilhali kamera ya dijitali inaona sana. Chombo kinasema giza, unafungua lenzi, na gauni la bibi harusi linaungua upande wa bluu kabla nyekundu na kijani hazijafika nusu. Katika ukumbi wa namna hiyo heri uache kipima mfukoni na uangalie histogramu ya kila rangi kwenye kamera, yaani mchoro unaoonyesha picha ilivyogawanyika kutoka giza hadi mwanga. Vipo vipima vinavyochambua mwanga wimbi kwa wimbi, kama Sekonic C-700, lakini bei yake inamfaa anayeishi kwa filamu za sinema na matangazo.

Mwenye kipima kimoja na kamera ya dijitali anaweza kukijua chombo chake kwa asubuhi moja. Subiri jua safi lisilo na wingu, jua likiwa juu. Kwa ISO 100, kuba likielekezwa kwenye jua linapaswa kukupa karibu na tundu la f/16 kwa 1/125 ya sekunde. Kisha chukua kadi ya kijivu, shuka jekundu, jani bichi la mgomba, khanga ya bluu, suti nyeusi ya nyuzi za viwandani na kadi nyeusi ya karatasi. Vipange kwenye mwanga uleule na upime kimoja kimoja kwa mwanga unaorudi. Piga vyote kwa kamera kwa mpangilio mmoja usiobadilika, faili ghafi (RAW), kisha ulinganishe jinsi kamera ilivyoviona dhidi ya kadi ya kijivu na jinsi kipima kilivyoviona. Jani na suti vikiwa juu kwenye kipima kuliko kwenye kamera, infraredi inavuja. Shuka peke yake likiwa juu, chembe inaegemea nyekundu. Unaweza pia kuingia chumba chenye giza totoro na kubonyeza rimoti ya televisheni mbele ya chembe. Tarakimu zikisogea, jibu umelipata. Zisiposogea, bado fanya jaribio la jani, maana rimoti ina nguvu ndogo.

Mwishoni omba ndugu au jirani mmoja akae kwenye mwanga huohuo, upime shavu lake kwa mwanga unaorudi na mwanga unaoangukia, na umpige picha kwa vipimo vyote viwili. Tofauti ya stopu utakayoiona iandike kwenye plasta, uibandike nyuma ya chombo pamoja na aina ya betri iliyomo, na uirudie siku utakapobadilisha betri.